Mutafsiri na Matanga ya Muhindo

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu mjini Butembo hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mutafsiri. Mke wake pia alimwita hivyo mbele ya wageni, na pasta alipomhitaji kanisani alisema tu, "Sasa Mutafsiri atusaidie."

Alikuwa na kazi mbili, ingawa mwenyewe alisema ni moja. Jumapili alisimama kando ya wahubiri waliotoka nchi za nje na kugeuza Kiingereza chao kuwa Kiswahili, na wazee wa mbele wakikunja uso, akarudia kwa Kinande, lugha ya kwetu. Siku nyingine alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya televisheni, katika nyumba ya video aliyoijenga mwenyewe kwa mbao na mabati nyuma ya soko, akatafsiri filamu. Kiingereza alikipata Uganda, alikokaa miaka mingi kwenye biashara ya maharage. Kilingala alifundishwa na redio na askari.

Hakubadilisha sauti. Mwanamke akilia, jambazi akitukana, mtoto akiomba maji, yote yalitoka kwa sauti ile ile ya polepole, kama ya mtu aliyekwisha kula na hana haraka. Hata wanyama aliwatafsiri. Mbwa akibweka, Mutafsiri alisema, "Imbwa haina furaha." Kwenye filamu alijiruhusu kuongeza. Jambazi akikimbia na gari alisema anaelekea Eringeti, na akikamatwa alisema, "Bamemukamata mbele ya Oicha," na sisi kwenye viti vya mbao tukapiga makofi, kwa kuwa barabara ile tuliijua.

Kanisani hakuongeza kitu, isipokuwa mara moja. Mhubiri mmoja mgeni alikuja akahubiri kwa muda mrefu dhidi ya nyumba za video, kwamba ndizo zinazoharibu vijana. Mutafsiri alitafsiri kila neno bila kupunguza. Mhubiri aliposema zipo hata katika mji huu, Mutafsiri akaongeza, "Moja iko nyuma ya soko, ya mbao na mabati." Kesho yake aliwasha jenereta kama kawaida. Nilimuuliza kwa nini alijitaja mwenyewe.

"Batu bangeuliza ni wapi," akasema. "Sipendi maneno inabaki nusu."

Alikuwa mtu wa masharti madogo. Hakuna kuingia na fimbo. Hakuna kula muwa ndani, kwa sababu ya maganda. Askari waliingia na bunduki zao, hilo hakuweza kulizuia, lakini aliwaomba waziweke chini ya kiti, na wengi walikubali. Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya nchi yetu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, waasi walikuwa na wageni wao, askari wa nchi jirani, na kila baada ya miezi kadhaa tuliambiwa kwamba kundi limegawanyika na sasa mkubwa ni mwingine. Shule na vyuo viliendelea. Wazazi wa kwetu wangefungua shule hata kaburini.

Miongoni mwa kaseti zake kulikuwa na moja aliyoithamini kuliko zote, na watu hawakuithamini hata kidogo. Ilitoka Kampala kupitia Kasindi, katikati ya filamu za karate, na jalada lake lilikuwa limepotea. Ilihusu wanafunzi watano wa chuo kikuu katika nchi fulani ya baridi. Wanakunywa, wanalala darasani, wanavunja vitu vya watu. Mtihani unakaribia na hawajasoma kitu. Basi wanamtangaza mwenzao mmoja kuwa amekufa ili profesa aahirishe mtihani. Yule "marehemu" anafichwa juu ya dari la nyumba yao wenyewe, na kutoka pale anasikia watu wanavyomlilia. Profesa aliyekuwa akimwita mjinga anakuja, anamsifu, analia. Msichana aliyemkataa anasema alimpenda. Kijana anasikia hayo yote na hataki tena kushuka. Wenzake wanamsihi ashuke, anakataa, anataka kusikia sifa za siku ya pili. Mwishoni dari linavunjika, anaanguka katikati ya waombolezaji, shingo inavunjika, na kwa kuwa sanduku lipo na kaburi limechimbwa, wanamzika siku hiyo hiyo.

Ilichekesha, lakini kicheko chake kilikuwa kibaya, ukitoka nje ulijiuliza umecheka nini. Watu waliichukia. Mutafsiri aliionyesha siku za mvua, wakati ambapo wateja walikuwa wachache na hawakuwa na mahali pengine pa kukaa.

"Mutafsiri, hii film haina bunduki," mtu alilalamika kila mara.

"Munapenda film yenye batu banakufa mingi," alijibu. "Hii eko na mufu moja tu, na bado muzima. Muangalie muzuri."

Aliitafsiri vizuri kuliko filamu nyingine yoyote, bila kutaja Eringeti wala Oicha. Ila palikuwa na sehemu moja, mwisho kabisa, ambapo wale wanne waliobaki wanasimama kando ya kaburi na kusemezana kwa sauti ya chini. Hapo Mutafsiri alinyamaza. Tulipomuuliza wanasema nini, alisema, "Kitu hakina maana," akatoa kaseti.

Mimi, Katembo na Muhindo tuliiona kama mara saba. Tulikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha pale mjini, tulipanga chumba kimoja, na tulijiona watu wenye akili kwa sababu tuliipenda filamu iliyowachosha wengine. Mutafsiri alitupenda kwa hilo. Alituwekea viti vya mbele. Nadhani hakuwa na watu wengine wa kuongea nao juu ya jambo hilo.

Mwaka ule wa pili hatukusoma. Naweza kusema ni vita, na watu wengi waliposhindwa mitihani miaka ile walisema ni vita. Ukweli ni kwamba tulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tukalala, tukacheza karata. Siku nne kabla ya mitihani Katembo alikaa kitandani akasema, kama mtu anayependekeza chakula cha jioni, "Tumuue Muhindo."

Muhindo akacheka. "Mbona miye?"

"Juu weye njo uko na mama mbali. Wa kwangu eko hapa mujini, atakuja kuniangalia."

Mama yake Muhindo alikaa Kasugho, magharibi kabisa, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Tulikubaliana kwamba Muhindo alikwenda Kyavinyonge, kando ya ziwa, kumsalimia rafiki, akapanda pirogi na wavuvi, pirogi ikapinduka, na mwili haujaonekana. Ziwa lile huzamisha watu, hakuna ambaye angeshangaa. Tulimficha jikoni kwa dada yake Katembo, nje kidogo ya mji, tukamwambia dada kwamba askari wanamtafuta. Halafu tukaenda chuoni na nyuso za huzuni.

Katibu wa masomo alikuwa mtu mpole. Alivua miwani, kisha akatuuliza kama familia imekwisha kujulishwa.

"Ndiyo," nilisema. Ni mimi niliyesema, si Katembo.

Mitihani ikasogezwa kwa juma moja. Wanafunzi wakaja kwenye chumba chetu na majani ya chai, sukari, maharage. Wasichana wakaimba nyimbo za kanisa uani. Mwalimu aliyekuwa akimfukuza Muhindo darasani alisimama akasema kwamba kijana yule alikuwa na akili ya pekee. Jioni nilimpelekea Muhindo chakula, naye akaniuliza, "Walisema nini juu yangu?" Nikamweleza. Akaniomba nirudie ile ya mwalimu. Tulicheka hadi dada yake Katembo akaja kutuuliza kuna nini. Tulikuwa tumeiona ile filamu mara saba na hatukuona kitu.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba katibu, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, alikwenda kwenye fonii, ile redio ya masafa ambayo watu walitumia kuongea na vijiji wakati simu hazijafika, akatuma pole za chuo kwa parokia ya Kasugho.

Siku ya tano mama yake Muhindo aliingia uani. Alikuwa pekupeku, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu yake imevimba, na majirani wetu wawili wa kike walimshika mikono. Katembo na mimi tulikuwa tunachemsha chai ya waombolezaji. Wasichana waliacha kuimba.

"Mwili iko wapi?" akauliza.

Mimi niliangalia sufuria. Katembo aliondoka, na baada ya muda alirudi na Muhindo.

Nilitegemea kwamba mama atapiga kelele, au atampiga. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamshika mabega, akamgeuza akaangalia mgongo, kama anavyokaguliwa mtu aliyetoka hospitali. Kisha akakaa chini kwenye udongo.

"Mujomba wako balimukamata kwa njia," akasema.

"Nani balimukamata?" Muhindo aliuliza.

"Baaskari. Kwa bariere. Balimubebesha masanduku, bakaenda naye. Alikuwa anakuja kukuzika."

Huyo mjomba alikuwa mdogo wake, mtu wa makamo, mkulima, mwenye watoto sita. Alimsindikiza dada yake ili asitembee peke yake porini. Miaka ile mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo alirudi au hakurudi, na asiporudi hapakuwa na ofisi ya kuuliza.

Kesho yake tuliitwa chuoni. Katibu hakupandisha sauti. Alituuliza jambo kama hilo tulilitoa wapi, na Katembo akasema, kwenye filamu. Basi wakamwita Mutafsiri. Alikuja na shati lake la Jumapili, akasimama, ingawa alipewa kiti.

"Ni wewe uliyewafundisha hawa?" katibu alimuuliza.

"Ni miye nilitafsiri," akasema.

Hakujitetea zaidi ya hapo. Hakusema kwamba watu mia waliona filamu ile na hawakumzika mtu aliye hai. Tulipotoka nje alitusimamisha kando ya ukuta akauliza nani alianza. Nikasema ni Katembo. Katembo akasema mimi ndiye niliyemdanganya katibu. Muhindo akasema sisi wawili tulimlazimisha.

"Tosha," Mutafsiri akasema. "Njo yale maneno banasema pale kwa kaburi. Nilikuwa nakataa kutafsiri juu inaleta haya."

Halafu akatuacha tumesimama, akaenda kwa mama yake Muhindo. Alichuchumaa mbele yake na kumwuliza mambo kwa Kinande, moja moja. Kizuizi kilikuwa wapi. Askari walivaa nini. Walisema lugha gani. Mama alisema wadogo walisema Kiswahili na Kilingala, lakini mkubwa wao alisema lugha asiyoijua, na mtu mmoja alikuwa akigeuza, akigeuza vibaya, hadi yule mkubwa akamkaripia.

"Anaigeuza vibaya namna gani?" Mutafsiri aliuliza.

"Anaogopa," mama alisema. "Mukubwa anasema mingi, yeye anasema kidogo."

Mutafsiri alifunga nyumba ya video siku hiyo. Alimwambia mke wake kwamba anakwenda Beni, ambako mizigo ile ilipelekwa, na akapanda lori la mbao. Hakutuaga.

Baada ya majuma mawili mjomba alirudi kwa miguu, bega moja limechubuka hadi nyama. Alitueleza aliyoyaona. Alikuwa katika uwanja wa kambi pamoja na wabeba mizigo wengine, akamwona mtu wa makamo mwenye shati safi anaongea na mkubwa wa askari kwa muda mrefu. Mkubwa alicheka mara moja. Kisha yule mtu akaja mahali walipokaa, akauliza nani ametoka Kasugho, akamwambia kwa Kinande, "Enda nyumbani. Usigeuke." Alipokuwa akitoka langoni aliona kwamba yule mtu amebaki ndani, na askari mmoja anamwonyesha mahali pa kulala.

Mutafsiri alibaki kule zaidi ya mwaka. Ndiyo yalikuwa makubaliano yao: mkulima mmoja kwa mtafsiri mmoja. Mtu anayejua Kiingereza, Kilingala, Kiswahili na Kinande alikuwa na thamani kuliko mabega yoyote.

Watu wa Butembo walianza kumwona tena, sasa ndani ya gari la askari. Mkubwa wa askari aliwaita wafanyabiashara, akawaita machifu, akawaita hata wachungaji, na kila alichosema kilitoka kinywani mwa Mutafsiri, kwa sauti ile ile ya polepole. Vitisho vilitoka kwa sauti iliyowatafsiria habari za Yesu na filamu za karate. Watu hawakumkumbuka mkubwa, ambaye alibadilishwa mara mbili. Walikumbuka sauti. Kuna waliosema anapunguza ukali: mwenye duka mmoja aliyejua Kiingereza alisimulia kwamba matusi yote aliyaacha, akatoa tu lile la maana, kwamba kesho wafunge maduka na wakae ndani, na kesho yake kweli risasi zililia. Wengine waliapa kwamba anaongeza. Nilijua kwamba alikuwa na tabia ya kuongeza, kwa hiyo sikuweza kubishana.

Kanisa lilimfuta kwenye orodha ya watumishi. Jambo hilo lilitangazwa Jumapili, na mke wake alikuwa amekaa benchi la tatu. Mimi nilikaa nyuma. Katembo alikuwepo, Muhindo pia. Tulijua sababu iliyompeleka Beni, na mtu mmoja angeweza kusimama akaisema kwa maneno kumi. Lakini chuo kilikuwa kimetusamehe kwa sharti kwamba jambo lile lisisikike tena, tulikuwa mwaka wa mwisho, na mtu aliyemtetea rafiki wa askari alionekana naye ni wao. Hizo ni sababu tatu. Tulizitumia zote. Baada ya miezi kadhaa mke wake alihamia Beni na watoto. Mbao za nyumba ya video ziling'olewa moja moja hadi pakabaki nguzo.

Sisi tulimaliza masomo. Katembo alikwenda Goma. Muhindo ni mwalimu wa hesabu, mtu mkimya, na akialikwa kwenye matanga hutuma mke wake. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya uandishi kwenye redio ndogo, nikisoma matangazo ya vifo kila asubuhi.

Miaka mingi baadaye, vita ile ikiwa imekwisha na nyingine imeanza, niliomba nafasi kanisani baada ya matangazo. Nilisimama mbele nikaeleza yote: filamu, uongo wangu kwa katibu, mjomba, na kile Mutafsiri alichokitoa ili mjomba arudi. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri. Watu walisikiliza kwa adabu. Tulipotoka nje mama mmoja wa kwaya, mtu wa umri wangu, alinishika mkono akasema nimeongea vizuri, kisha akaniuliza huyo Mutafsiri alikuwa nani.

Juma lile nilipanda gari kwenda Beni. Nilimkuta kwenye kituo cha afya ambako madaktari wageni walikuwa wakitibu waliokimbia vijiji. Alikuwa amezeeka, amevaa koti la kazi lililomzidi mabega, na alikuwa amekaa kati ya daktari na mwanamke mwenye mtoto. Nilisubiri hadi akamaliza. Aliponiona hakusimama, ila alisogea kwenye benchi ili nikae.

"Unasema kwa redio," akasema. "Nakusikiaka. Unasoma haraka sana majina ya batu bamekufa."

Nikamwambia nitapunguza. Kisha nikamwambia nilichofanya kanisani.

"Balisema nini?"

"Balisikiliza. Kisha mama mumoja akaniuliza weye ni nani."

Aliniangalia, halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwenye nyumba ya video, hata mara moja, na hapo alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Alipomaliza alijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Ungesema wakati ile," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Nilikuwa na zile sababu tatu. Nilianza na ya kwanza, nikaiona ilivyo, nikaacha. "Niliogopa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama anavyofanya mtu aliyepewa neno alilokuwa akilitafuta. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza habari za watu wa zamani, wazee wa benchi la mbele, na wengi nilimjibu kwamba wamekufa, na aliuliza kila mmoja amekufa na nini: bunduki, homa, ajali ya njiani. Mwishoni aliuliza habari za mjomba wa Muhindo.

"Alikufa mwaka jana," nikasema.

Akakaa sawa. "Nani alimuua?"

"Hapana mutu. Ni uzee. Alikufa kule Kasugho, ndani ya nyumba yake, kwa kitanda, watoto yote sita banakuwa pale."

Mutafsiri akasema maneno hayo kwa Kinande, polepole, akayasema tena kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, bila kuongeza wala kupunguza. Daktari alimwita kutoka ndani. Hakuitika mara moja.